Chumba cha Chaki

Vile vijitabu viwili vilikaa juu ya meza yetu siku nne, na katika siku zote hizo sikumwona mume wangu akifunua hata kimoja.

Kimoja kilikuwa cha buluu, karatasi yake ya kawaida, ya kung'aa. Kingine kilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochemka, kinene, karatasi yake nzito kama kadi ya harusi, na ukikifungua kinatoa harufu ya duka jipya. Mimi nilikuwa nimevisoma vyote viwili mpaka nikajua picha ya taulo iko ukurasa gani. Penye jambo lililonigusa nilikunja kona. Kile kinene kilikuwa na kona nyingi.

Aliyevileta ni mjukuu wetu mkubwa, binti wa mwanangu wa kwanza, ambaye ni karani katika ofisi ya wakala wa safari. Mimi ananiita mke mwenza na babu yake anamwita mume wangu, tangu hajaota meno sawasawa, na mpaka leo akiingia nyumbani huuliza kwanza kama mume wake ameshakula. Watoto wetu walikuwa wamekaa wakashauriana bila sisi kujua. Ndoa ya wazee inatimiza miaka hamsini, wakasema, na hawa watu hawakuwahi kwenda fungate. Ni kweli. Tulioana Jumamosi. Jumatatu yeye alikuwa kibandani kwake amefungua saa ya mtu, na mimi nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za wauguzi, makoti kumi na nane, mifuko miwili miwili.

Basi wakaamua kutupeleka safari ya siku kumi kwa meli ndogo, kwenye visiwa vya ndege. Kwa nini ndege, nitaeleza. Meli zilikuwa mbili, tuchague moja, na jibu lilitakiwa Ijumaa, kwa sababu vyumba vilikuwa vimeshikiliwa kwa jina letu mpaka siku hiyo tu.

"Sasa mke mwenza, sikiliza vizuri," mjukuu alisema siku ile alipovileta, akavilaza mezani kama mtu anayegawa karata. "Hii ya buluu ni daraja la juu. Hii nyingine ni daraja la kifahari."

"Juu inaishia wapi, na fahari inaanzia wapi?"

"Juu ni pale unapohudumiwa vizuri. Kifahari ni pale unapohudumiwa mpaka unaona haya."

Nilimwambia aeleze taratibu, maana mimi nikipewa kitu napenda kukigeuza ndani nje nione mishono. Akaeleza. Kwenye meli ya kifahari chumba ni kipana, kina makochi na roshani ya kwenu wenyewe, na kina mhudumu wake. Huyo anafungua sanduku lako, anatundika nguo, anapiga pasi, analeta chai, na siku ya pili anajua unatia sukari vijiko vingapi. Mnakula saa mnayotaka, meza ya wawili. Kila kitu kimo ndani ya tiketi. Kwenye ile ya buluu chumba ni kidogo, kina dirisha badala ya roshani, mhudumu mmoja ana vyumba kumi na viwili, na watu wanakula kwenye meza ndefu na wageni wasiowajua.

"Na pasi?" niliuliza.

"Pasi ya nini?"

"Kwenye ya buluu, nguo anapiga pasi nani?"

"Kuna chumba cha kufulia, pasi ipo. Unapiga mwenyewe." Akanitazama. "Bibi, katika yote hayo umeona pasi?"

Mtu aliyepiga pasi mishono ya watu kwa miaka hamsini na miwili, haulizwi ameona nini.

Sasa nieleze habari ya ndege. Zamani, watoto wangali wadogo, baharia mmoja alileta saa iliyoingia maji. Akaketi kibandani akisubiri, na akamsimulia mume wangu juu ya jabali lililosimama baharini kama ukuta, lenye ndege wengi hata ukiliangalia kwa mbali unadhani limepakwa chokaa. Ukikaribia, chokaa inaruka. Mume wangu alikuja na hadithi hiyo nyumbani akaila pamoja na chakula. Tangu hapo aliisimulia kila mtoto wetu alipougua, na kila aliposimulia ndege waliongezeka. Mtoto wa mwisho alipopata surua, walikuwa wamefikia kuziba jua.

Kwa hiyo niambie: mtu ambaye amesimulia habari za ndege hao miaka arobaini, leo anawekewa picha yao mezani, anapita kando yake kama anapita kando ya chungu cha maua. Nikimuuliza, jibu ni moja tu.

"Chagua wewe."

"Mzee, ni safari yetu wawili."

"Chagua wewe, bibie. Utakachochagua ndicho."

Huyu ni mtu ambaye watu walimpa jina la Dakika, kwa sababu ukimpa saa alisema, "Dakika tano tu," kisha anaichunguza nusu saa nzima kabla hajaigusa. Kununua kitana anavijaribu vyote dukani. Leo hii amekuwa mtu wa utakachochagua ndicho! Nilianza kufikiri labda hataki kwenda. Halafu fikra ikasogea hatua moja zaidi, ikakaa mahali pabaya: labda anataka kwenda, ila siku kumi katika chumba kimoja na mimi, bila kazi, bila redio yake, ndizo zinazomshinda. Miaka hamsini tumeishi pamoja, lakini mchana kila mtu alikuwa kwenye kazi yake. Hiyo nayo ni siri ya nyumba nyingi.

Jumatano, siku ya tano, nikasema hapana. Nitajua.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akija na picha ya gauni kutoka gazetini akaniambia, "Nataka hili," sikati kitambaa. Picha haina makwapa. Huwezi kujua itabana wapi. Nakata kwanza karatasi, namvalisha, namwambia inua mkono, kaa, inama, na hapo ndipo mtu anagundua mwenyewe kwamba gauni alilolililia hawezi kupandia ngazi. Nikajiuliza, chumba cha meli kina tofauti gani? Kwenye vile vijitabu palikuwa na ramani za vyumba na vipimo vyake vyote.

Nikampigia simu mjukuu aje baada ya kazi. Nikachukua futikamba yangu, chaki za kushonea saba, na kamba ya kuanikia ili mistari isipinde. Ua wetu umesakafiwa kwa saruji, mpana, maana zamani niliweka hapo mafundi wanne wa msimu. Mjukuu alisoma vipimo, mimi nilipiga magoti juu ya mto nikachora. Kuta, mlango, kitanda, bafu, kabati. Chumba cha kifahari kilianza ukutani kwa jirani kikafika karibu na bomba la maji, na roshani yake ikala sehemu ninayoanikia mashuka. Chaki tano ziliishia hapo. Kile cha buluu nilikichora kando yake, kikatosha katika kona kati ya stoo na ngazi ya jikoni.

Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Fundi, mnajenga?"

"Tunasafiri."

"Kwa kuchora?"

"Nauli zimepanda, ndugu yangu."

Akacheka mpaka akashuka kwenye kile alichokuwa amesimama juu yake.

Tukatandika blanketi mahali pa kitanda kikubwa. Viti viwili vya sebuleni vikawa makochi. Beseni kubwa la kufulia likawa bafu, na kwa kweli bafu la picha lilikuwa na umbo hilo hilo. Nikanawa mikono, nikaenda barazani kumwita mwenye nyumba.

"Mzee, njoo uone chumba chako."

Alikuja na makubazi yake, shati jeupe lenye vifungo vikubwa nililomshonea, mikono nyuma. Akafika ukingoni mwa ua. Mlango nilikuwa nimeuchora upande wa kushoto, wazi kabisa, na mshale juu. Yeye akaingia moja kwa moja katikati ya ukuta.

"Mume wangu!" mjukuu akapiga kelele. "Mlango uko huku! Umepasua meli!"

"Ukuta wenyewe hafifu," akasema, akacheka.

Mimi nilidhani anatukejeli. Nikakaza moyo. "Haya, sasa toka nje kwenye roshani ukatazame ndege."

"Iko wapi?"

"Mbele yako, mzee. Nenda tu."

Akaenda. Akapita mlango wa kioo, akapita roshani, akapita mstari wa ukingo niliouchora mara mbili ili uonekane, akaendelea hatua mbili ndani ya bahari.

"Mwanaume kazama!" Mjukuu alikuwa ameshika mbavu. "Leteni boya! Bibi, umekuwa mjane kabla ya safari!"

Mume wangu naye akacheka. Lakini cheko lake lilichelewa, kama saa inayobaki nyuma ya nyingine ukutani. Nikatazama miguu yake. Kabla ya kukanyaga, unyayo wake ulikuwa ukitangulia, ukitelezeshwa polepole juu ya saruji, kama wa mtu anayeshuka mtoni asijue kina. Hapo nilikuwa nimeshika futikamba, nikaanza kuizungusha kidoleni, nikaizungusha, nikaikunjua, nikaizungusha tena.

Ukiona mshono mmoja umefumuka, unavuta uzi na mingine inafuata. Chai: siku hizi anamimina huku amening'iniza kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Nilimgombeza kwamba si usafi. Vifungo: ndiye aliyeniambia nimwekee vikubwa, akasema vidogo vimepitwa na wakati. Gazeti: "Soma wewe, miwani iko ndani." Kibanda: amekifunga mwaka wa pili sasa, akasema watu wanatazama saa kwenye simu. Nami nilimwamini, kwa sababu ni kweli watu wanatazama saa kwenye simu. Uongo wa mume wangu una ufundi. Kila kipande chake ni cha kweli.

"Mke mwenza," nikamwambia mjukuu, "chaki zimekwisha. Nenda dukani kaniletee. Zile bapa, si za darasani."

"Lakini tumeshamaliza kuchora."

"Nenda, mwanangu."

Alinitazama usoni, akachukua mkoba akaenda.

Nikamshika mume wangu mkono nikamtoa baharini. Tukakaa juu ya blanketi, juu ya kitanda cha kifahari, miguu mbele kama watoto.

"Baba watoto, mstari huu unauona?"

"Upi?"

"Huu uliokalia."

Aliweka kiganja chini, akakisugua, akakileta karibu na pua akanusa chaki.

"Naona weupe weupe," akasema. "Nakuona wewe uko hapo. Naona umevaa ile ya njano. Lakini ni kama natazama kupitia kioo cha saa kilichokwaruzwa. Siku za jua kali ndiyo mbaya zaidi."

"Tangu lini?"

"Ile saa ya mkunga." Nilimkumbuka huyo mkunga, saa yake ilikuwa ya kubandika kifuani, kwa ajili ya kuhesabu mapigo. "Niliirudishia mshale wa sekunde. Siku ya pili akaileta tena, mshale ulikuwa unagusa kioo, unakwama. Hakusema neno. Alinipa kwa upole tu. Angenitukana ningeendelea na kazi. Upole ule ndio ulionimaliza. Nikafunga kibanda wiki hiyo."

"Na mimi ukaniambia habari za simu."

"Simu nazo zimo."

"Mbona hukuniambia, lakini?"

"Ningekuambia wewe, ungewaambia watoto. Watoto wangesema, mzee haoni, safari ya nini? Tumnunulie kiti kizuri akae barazani apate upepo. Na wewe ungebaki hapa unanishika mkono. Na ulikuwa umeshakunja kona."

Nikashtuka. "Kona umezionaje?"

"Nilizipapasa. Ukienda sokoni navishika. Kile cha buluu umekunja kona mbili. Kile kinene umekunja kumi na moja." Akatabasamu upande. "Nilikuwa najua utachagua hicho. Ndiyo maana nikasema chagua wewe. Nilitaka uone wewe, ujae macho, halafu jioni unisimulie. Mimi nimekusimulia ndege hao miaka mingi. Nilifikiri na wewe ungenisimulia kidogo."

Jirani alikuwa amewasha redio yake, mtu anatangaza bei ya mbolea. Tulikaa tukasikiliza bei zote mpaka mwisho.

"Kuna nini kwenye kona hizo kumi na moja?" akauliza. "Nimejiuliza siku nne. Picha sizioni."

"Moja ni bafu lenye dirisha. Moja ni mashuka, pindo lake limeshonwa kwa mkono, sijui kama ni kweli. Zile nyingine..." Niliona haya. "Zile nyingine ni pasi."

"Pasi?"

"Kila ukurasa wenye nguo zilizonyooka na mtu mwingine aliyezinyoosha."

Alicheka safari hii kwa wakati wake, akacheka mpaka akalala chali juu ya kitanda cha kifahari. Nami nikacheka, na machozi yakapata mahali pa kutokea bila mtu kuyauliza.

Tulipotulia akasema, "Nipeleke kile kingine."

"Kipi?"

"Kidogo. Nimetembea hiki nikazama. Kile kidogo sijakijaribu."

Hapo udadisi wangu ukarudi, maana mimi ni fundi kwanza. Mistari haimsaidii, nikafikiri, kuta zake lazima zishikike. Nikatoa kamba ya kuanikia nikaizungushia viti na vigogo vya kuni kufuata chaki, usawa wa kiuno. Meza ya pasi nikaisimamisha kuwa kabati. Kreti ikawa meza ya kando ya kitanda. Ndoo iliyofunikwa ikawa choo, samahani, lakini ilibidi. Godoro la wageni likawa kitanda. Kisha nikamweka mlangoni nikarudi nyuma.

Aliingia kwa mkono. Kamba, kamba, kabati. Akashuka na kabati hadi kona, akapata kitanda kwa goti, akaketi. Akanyoosha mkono wa kulia, ukafika kwenye kreti. Akanyoosha wa kushoto, ukafika kwenye meza ya pasi. Akanyoosha mguu, kidole gumba kikagusa kizingiti cha bafu, ambacho kilikuwa kipande cha ubao. Uso wake ukabadilika. Ulikuwa ule uso wa zamani, wa saa iliyokufa inapoanza kutembea tena.

"Mama Fundi," akasema, "hiki ni kibanda changu."

Na kweli kilikuwa. Kibanda chake kilikuwa hivyo: anakaa katikati, bisibisi kulia, vibano kushoto, mafuta juu, na hainuki tangu asubuhi hadi anafunga. Vitu vilikuwa vinajua mahali pake. Kumbe siku zote nilipokuwa nikikiona ni kidogo nikimwonea huruma, yeye alikuwa amekaa ndani ya kitu kilichomtosha kama koti.

"Kule kwingine," akasema, "toka kitandani mpaka bafuni ni hatua kumi bila kitu cha kushika. Na huyo mhudumu, anafanya nini kila siku?"

"Anapanga vitu vyako upya."

"Kwa upole."

"Kwa upole mwingi."

"Basi huyo ataniua."

Lakini pale pale akakunja uso. "Hapana. Tunachukua kinene. Umepiga pasi tangu enzi za makaa. Mimi nitazoea."

"Hutazoea. Utakaa kitandani siku kumi ukisema miwani iko ndani."

"Nimesema kinene."

"Nami nimesema cha buluu!"

Mjukuu alirudi na chaki akatukuta hivyo, kila mmoja anapigania meli ya mwenzake, sauti juu, babu yake ameketi ndani ya kamba za nguo.

"Ndiyo nini hii? Nimeondoka nusu saa mmeshaachana?"

"Nijibu swali moja," nikamwambia. "Ndege wa meli hii na ndege wa meli ile, ni wale wale?"

"Wale wale, bibi. Jabali moja, na wote mnapelekwa kwa boti za mpira mpaka chini yake. Ila..." Akasita. Anapofikiri huuma kona ya mdomo, kama baba yake. "Kwenye ya kifahari mnarudi kwenu mnakula wawili. Kwenye ya buluu wale wataalamu wa ndege wanakaa na abiria meza moja. Wateja wengine hulalamika. Wanasema jamaa hao wanaeleza mpaka supu inapoa. Wanaiga sauti za ndege mezani, mmoja mmoja."

Mume wangu aligeuza kichwa. "Mpaka supu ipoe?"

"Ndiyo, babu. Mtu mmoja aliandika barua nzima kulalamika."

"Huyo mtu ni mjinga," mume wangu akasema. Kisha akanyoosha mkono hewani, kuelekea sauti ya mjukuu. "Njoo hapa, mke wangu mdogo. Kuna jambo mumeo hajakuambia."

Akamwambia mwenyewe, kwa maneno machache, bila kujitetea. Mtoto alilia, akafuta, akalia tena, akamwomba radhi kwa yale ya kuzama. "Ilikuwa kweli nimezama," babu akamwambia. "Ulikuwa na haki ya kucheka." Alipotulia, mjukuu alitoa mkobani fomu ya abiria, akasema kuna mahali pa kuuliza hali ya afya, na kwamba alikuwa ameshaandika "wazima" kwa wote wawili.

"Futa," mume wangu akasema. "Andika ilivyo. Na pasi?"

"Pasi imefanya nini?"

"Nani atapiga?"

"Nitachukua nguo zisizokunjamana," nikasema, nikijitahidi sauti iwe nyepesi. "Zipo siku hizi."

"Nitapiga mimi," akasema.

Tulimtazama wote.

"Mnanitazama, najua. Pasi haitaki macho. Inataka mikono, na mikono yangu haijawahi kufunga kibanda."

Alhamisi asubuhi tulikwenda kwa daktari wa macho. Mwanamke kijana, viatu vya raba, alimwangalia kwa taa kwa muda mrefu, kisha akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa. La kulia atalifanyia upasuaji baada ya wiki sita, na ana matumaini nalo. La kushoto lina jambo jingine nyuma yake. Hilo hakuahidi. Meli inaondoka baada ya miezi sita. Nilimuuliza maswali tisa na yote akayajibu, isipokuwa moja: kama ataona chokaa ikiruka. Alisema hajui chokaa gani.

Mwanangu wa kwanza alipopigiwa simu aliuliza kwanza jina la daktari. Kisha akasema, kama nilivyotarajia, "Basi ndiyo sababu mchukue ya kifahari, mama. Baba apate msaada zaidi." Baba yake akaipokea simu mkononi mwangu. "Mwanangu," akasema, "msaada ukizidi nitapotea ndani yake. Tumechukua ya buluu." Jibu lilifika ofisini Ijumaa saa nne asubuhi. Kile kitabu kinene nilikirudisha, lakini kona sikuzikunjua.

Jumapili mvua iliosha chaki yote. Kamba zilibaki, na kila asubuhi baada ya chai anaingia mle, anaketi, ananyoosha mikono, anaridhika. Juzi nilisogeza kreti kidogo tu, upana wa kiganja, ili nipate kuanika. Hakukaa hata dakika, akauliza, "Nani amehamisha meza yangu?" Sasa naanika kwa jirani.

Na meza ya pasi ndiyo kabati, kwa hiyo hapo hapo ndipo anapojifunza. Vidole vya kushoto vinatangulia, vinapapasa mkunjo, vinaupapasa tena kama anatafuta mahali pa kufungulia saa, kisha pasi inafuata nyuma, polepole, haivigusi. Gauni moja linamchukua muda ambao mimi ningemaliza sita. Naketi kwenye godoro la wageni, mikono mapajani, namwangalia, na sijui nifanye nini na mikono yenyewe.

La kwanza alilomaliza lilikuwa lile la njano. Alilishika mabegani akaninyooshea.

"Vipi?"

Kifua kilinyooka. Mikono ilinyooka, hata pindo, ambapo wengi huharibu. Ila katikati ya mgongo, kutoka shingoni hadi kiunoni, palikuwa na mkunjo mmoja uliopigwa pasi kwa bidii mpaka ukawa mkali kama wa suruali ya askari.

"Limenyooka," nikasema.

"Lote?"

Nikafikiri habari ya mkunga na upole wake.

"Hapana. Umetia mstari mgongoni, mzee, unaweza kukata mkate."

"Lete," akasema, akanyoosha mkono. "Dakika tano tu."